Uzoefu wangu: Miezi minane ya kukodi gazeti kwa shilingi 20

Nilikuwa nakata mkono wa sare ya shule. Sisi mafundi wa soko la Jericho hatununui karatasi ya kukatia. Tunanunua magazeti ya zamani kwa kilo, tunayatandaza mezani, tunachora kwa chaki na kukata mfano, ndipo kitambaa kinaguswa. Makasi yalikuwa yamefika nusu niliposoma, kati ya kwapa na kiwiko, tangazo la kaunti: wakazi wa Nairobi wanaalikwa kutoa maoni kuhusu Mswada wa Fedha, ule unaopanga ada za kaunti. Chini yake palikuwa na orodha ya kumbi, tarehe na saa. Mkutano wa eneo letu ulikuwa umepita siku tisa.

Niliweka makasi chini. Mfukoni mwa aproni nilikuwa na simu yenye programu ya habari ambayo nilikuwa nailipia kila mwezi. Sitaitaja jina. Wiki hizo mbili ilikuwa imenitumia arifa kuhusu msanii aliyeachana na mkewe, mbunge aliyezomewa mazishini, na wanasiasa wa jiji waliorushiana maneno kwenye harambee. Kuhusu ada ambazo nitatozwa mimi mwenye kibanda na cherehani mbili, haikuniambia hata neno moja. Kwenye kundi letu la WhatsApp la soko hali ilikuwa mbaya zaidi. Mtu alisambaza orodha ya ada zilizopanda mara tatu, tukakesha tukiogopa, kumbe ilikuwa ya mwaka mwingine na kaunti nyingine.

Nieleze kwa nini jambo hili liliniuma. Tangu Juni 2024 kila mtu Nairobi anajua maana ya Mswada wa Fedha, kwa sababu vijana waliingia barabarani na Rais akakataa kuutia sahihi. Ule ulikuwa wa taifa. Kaunti nayo hupitisha wake, na huo ndio unaomgusa mfanyabiashara mdogo asubuhi kabla hajauza chochote: ushuru wa soko, leseni ya biashara, maegesho, hata ubao wa jina la kibanda. Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma katika kazi zake. Lakini umma usiojua siku ya mkutano hauwezi kushiriki. Unakuja kujua kanjo, yule askari wa kaunti, akishasimama mlangoni na risiti.

Kesho yake nilimwendea mzee wa magazeti pale steji. Nilikuwa nimempita miaka mingi nikitupia jicho vichwa vya habari kama wapitanjia wengine, wale wanaosimama wameinamisha shingo juu ya magazeti yaliyotandazwa kando ya barabara, kisha wanakwenda zao.

"Mzee, shikamoo. Nataka gazeti lakini siwezi kununua kila siku."

"Marahaba, binti yangu. Nani amekwambia ununue? Leta ishirini, uende nalo kibandani, saa nne nilione hapa. Usilikunje mara nne, na usinijazie fumbo."

Hiyo ndiyo huduma ninayoielezea hapa. Shilingi 20, gazeti moja, kwa muda wa saa mbili na nusu hivi. Nimeitumia miezi minane, Jumatatu hadi Ijumaa.

Ninalochukua mara nyingi ni Taifa Leo, gazeti la Kiswahili. Taifa ilianza kuchapishwa 1958, miaka miwili kabla ya dada yake wa Kiingereza, Daily Nation, na babangu alikuwa akituletea nakala kutoka kazini tulipokuwa wadogo. Lakini silisomi kwa ajili ya kumbukumbu tu. Habari ya bajeti ya kaunti nikiisoma kwa Kiswahili, naipata na maneno yake: ada, tozo, malimbikizi ya madeni, makadirio ya ziada. Baada ya hapo naweza kumsimulia mama wa mboga aliye kibanda cha pili bila kukwama, naye akaniuliza maswali, na maswali yake yakanirudisha kwenye ukurasa kusoma upya. Kwa simu sikuwahi kusoma kitu mara mbili. Kidole kilikuwa kimezoea kusukuma.

Kuna pia ukurasa wa mashairi. Siku unapotoka, huwa naumaliza kabla ya siasa. Wasomaji wenyewe ndio wanaotunga, wengine wanajibizana, na kilio cha mtu kikishapangwa mizani na vina kinakaa kichwani siku nzima nikishona. Mume wangu huniambia ninaimba shairi la mtu nisiyemjua. Ni kweli.

Kwa matangazo nimejifunza ujanja mwingine. Mengi hutoka kwenye magazeti makubwa ya Kiingereza, kurasa za nyuma, herufi ndogo kama chembe za mtama. Mzee ananiruhusu kuyapitia papo hapo nikiwa nimesimama, bila malipo, mradi nisizuie wateja. Nikiona neno "Nairobi City County" napiga picha na kuituma kwenye lile kundi letu la soko, picha ya ukurasa mzima pamoja na tarehe ya gazeti juu yake. Tangu nianze, hatujakesha tena kwa sababu ya orodha ya uongo. Mtu akituma kitu, anaulizwa: kiko gazeti gani, la tarehe ngapi?

Siku ninazokwenda mjini kununua zipu na uzi Biashara Street, hupumzika Jeevanjee Gardens. Yeyote anayependa siasa za Nairobi anaijua ile bustani, maana ndipo Bunge la Mwananchi lilipoota mizizi tangu miaka ya 1990: wanaume na wanawake wamesimama duara, mmoja na gazeti mkononi, wengine wakimpinga. Alibhai Mulla Jeevanjee aliyeitoa bustani hiyo kwa wakazi mwaka 1906 ndiye aliyekuwa ameanzisha gazeti la African Standard kule Mombasa mwaka 1902, lile ambalo leo ni The Standard. Na mwaka 1991, palipotokea mpango wa kuigeuza bustani kuwa maduka na maegesho, mjukuu wake Zarina Patel aliungana na wananchi wengine kuupinga hadi ukafa. Nilipolijua hilo nilikaa kwenye benchi muda mrefu. Mtu mmoja aliliachia jiji gazeti la kusoma na mahali pa kubishania kilichosomwa.

Kasoro zipo. Mvua ikinyesha mzee hatandazi, na msimu wa mvua ndefu nilikosa siku nyingi. Gazeti likipata mnunuzi kabla sijafika, basi, mnunuzi ni mnunuzi. Lililotokea usiku wa manane halimo hadi kesho yake. Na kuna jambo linalonisumbua moyoni: wenye magazeti hawapati chochote kwa ile ishirini yangu, na waandishi wanaokwenda City Hall, makao ya kaunti, kukaa kwenye vikao virefu wanalipwa kwa mauzo. Kwa hiyo Jumamosi nanunua nakala yangu mwenyewe kwa bei kamili. Nimemwambia mzee, akafurahi.

Mwaka huu tangazo la mkutano nililiona mapema. Tulikwenda watano kutoka sokoni, nikiwa na ukurasa wenyewe ndani ya pochi. Jina langu lilipoitwa mkono ulitetemeka, lakini nilisema nilichokwenda kusema: kwamba fundi mwenye cherehani moja au mbili asiwekwe kundi moja na karakana yenye kumi. Karani aliandika. Aliniuliza namna jina linavyoandikwa, akanisomea maoni yangu nilivyoyatoa, nami nikamsahihisha neno moja. Mama wa mboga alisimama baada yangu, akazungumzia maji ya sokoni, kwa ufasaha kunishinda mimi.

Naipa huduma hii nyota nne kwa tano. Ile programu niliifuta. Ukitaka kuanza, mtafute muuzaji wa mtaani kwako, umfikie kabla ya saa mbili asubuhi, nenda na sarafu kamili, na osha mikono kama umekula mandazi. Na saa nne ikifika, rudisha.