Scrambled Exif: uzoefu wangu kama mpiga picha wa sherehe Mbeya

Kazi yangu kubwa ni sherehe za nyumbani: ubatizo, kipaimara, sendofu. Wateja wengi siku hizi wanataka picha nizitume WhatsApp kama dokumenti, kwa sababu zikienda kama picha za kawaida zinabanwa na ubora unapotea. Tatizo linaanzia hapo. WhatsApp ikiibana picha, inaondoa pia taarifa zilizojificha ndani yake, zinazoitwa Exif. Ikienda kama dokumenti, inamfikia mteja na vyote ilivyobeba.

Na inabeba mengi. Chukua picha uliyopiga kwa simu huku lokesheni imewashwa, ifungue kwenye galari, uangalie maelezo yake. Utakuta aina ya simu, saa mpaka sekunde, na kiramani chenye alama. Picha ya mtoto mchanga amelala kitandani kwao Uyole ilikuwa na latitudo ya 8 na ushee kusini, longitudo ya 33 na ushee mashariki, na mlolongo wa desimali. Desimali nne peke yake zinaonyesha mahali kwa tofauti ya kama mita 11 tu. Picha hiyo ikirushwa kutoka grupu moja hadi jingine ikiwa dokumenti vilevile, mtu asiyejulikana na familia anaweza kuzibandika namba zile kwenye ramani akafika mlangoni. Mwaka 2012 John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya McAfee ya programu za kuzuia virusi vya kompyuta, ambaye polisi wa Belize walikuwa wakimtafuta wamhoji, aligundulika yuko Guatemala kwa sababu picha iliyochapishwa na jarida la Vice mtandaoni ilibaki na lokesheni ya simu. Kama wanahabari wanaweza kupitiwa, sembuse sisi wenye harusi mbili kwa wikiendi?

Scrambled Exif ni programu ya Android inayofuta taarifa hizo kwenye picha, ya bure, haina matangazo. Inavyofanya kazi nimeipenda sana: unachagua picha kwenye galari, unabonyeza kushirikisha, unaichagua yenyewe, inazisafisha, halafu inakuletea tena orodha ya mahali pa kutuma. Unachagua pa kutuma, basi. Kazi yote inafanyika ndani ya simu, bando haliguswi, na picha ya mteja haipandishwi kwenye tovuti ya mtu. Kwangu hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Zipo tovuti zinazokuambia uwapelekee picha wakusafishie. Siwezi kumlinda mteja kwa kumkabidhi picha yake mgeni mwingine.

Kasoro zipo. Inabadilisha majina ya faili, kwa hiyo picha za sendofu zinamfikia mteja zimechanganyika, keki imetangulia kabla bibi harusi hajaingia. Nenda kwenye mipangilio, zima kubadilisha majina, mpangilio utabaki. Pia picha halisi kwenye simu yako haiguswi. Ukijisahau ukatuma bila kupitia kwenye programu, lokesheni imekwenda.

Picha za kamera kubwa nazisafisha kwenye kompyuta kwa ExifTool, programu ya Phil Harvey, nayo ya bure. Kamera nyingi hazina GPS, lakini zinaandika namba ya kamera yenyewe, na jina lako kama uliliweka. ExifTool unaiendesha kwa kuandika amri, lakini folda nzima inasafishwa kwa mkupuo mmoja na nakala za awali zinabaki pembeni.

Kuna jambo ambalo hakuna programu kati ya hizi itakufanyia. Tangu kazi ya anwani za makazi, nyumba nyingi zina kibao cha namba ukutani, na nguzo za barabara zina majina. Familia ikisimama mbele ya nyumba yao, kibao kinasomeka vizuri kabisa. Mimi nawasogeza, au nakikata wakati wa kuhariri.

Video Scrambled Exif haizisafishi. Kwa hizo nazima lokesheni ya kamera kabla sijaanza kurekodi, na nawashauri wapiga picha wenzangu wa Mbeya wafanye hivyo leo hii. Kwa picha, naipa nyota nne kati ya tano.