Nilikwenda kutunga sera, nikakabidhiwa visanduku vitupu

Nianze na jibu kwa mwenye haraka: mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya umma yanamfaa sana mwanafunzi wa uchumi, ila usiende ukidhani utamshauri waziri. Mimi nilikwenda na dhana hiyo. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili, kichwa kimejaa michoro ya ugavi na mahitaji, na katika barua yangu ya maombi neno "sera" lilitokea mara sita (ninayo bado, huisoma nikitaka kujicheka). Wiki zangu 12 zote ziliishia kitengo cha takwimu za bei, mbele ya faili la Excel lenye maelfu ya mistari na visanduku vingi visivyo na kitu.

Wiki ya kwanza haina la kusimulia. Kiti cha kuazima, nywila iliyochelewa, hati ya kutunza siri niliyoisaini bila kuisoma vizuri. Ukipata nafasi kama hii, nenda na kitabu chako cha kusoma.

Sasa kazi. Kila mwezi wadadisi huzunguka wakiuliza bei za bidhaa zile zile kwa wauzaji wale wale, na kutokana na bei hizo hukokotolewa fahirisi, namba moja inayoonyesha kiwango cha bei kwa jumla, ambayo mabadiliko yake ndiyo tunayoyasikia kama mfumuko wa bei. Daima kuna bei zinazokosekana: muuzaji kafunga, bidhaa imeadimika, fomu imerudi nusu. Nilitakiwa kushughulikia mapengo hayo. Kwa ujanja wangu nikachukua bei za mwezi uliopita, nikazibandika humo zote. Saa mbili tu, faili limejaa.

"Dada, nimemaliza."

Msimamizi wangu akalifungua, akashuka nalo taratibu. "Hii bei umeitoa wapi?"

"Ni ya mwezi uliopita."

"Kwa hiyo, mdogo wangu, umeamua wewe kwamba haikupanda?"

Nilinyamaza. Akavuta karatasi akanionyesha. Chukua bidhaa iliyokuwa 100, ikakosekana miezi mitatu, ikarudi ikiwa 109. Ukirudia bei ya zamani, fahirisi italala miezi yote mitatu kisha iruke kwa mkupuo, na watu watatafuta sababu ya mruko ambao ulitengenezwa na karani. Njia yao ni kuangalia bidhaa za jamii moja zilizopatikana: kama hizo zimepanda kwa wastani wa asilimia 3, hiyo ya 100 unaikadiria kuwa 103 mpaka bei halisi ipatikane. Kuirudia bei ya zamani kunakubalika pale tu unapojua haijabadilika, kwa mfano ile inayopangwa na mamlaka. Nikafuta kazi yangu yote, nikaanza upya, na safari hii ilinichukua siku nne.

Kosa la pili lilikuwa la sabuni. Bei ya mwezi huu sawa na ya mwezi uliopita, nikaandika "hakuna mabadiliko" nikaendelea. Kumbe mdadisi alikuwa ameandika pembeni, kwa kalamu, kwamba kipande kimepungua kutoka gramu 500 hadi 450. Kulipa fedha ile ile kwa gramu chache ni kupandishiwa bei, na hesabu yake ni 500 gawanya kwa 450: ongezeko la asilimia 11.1. Tangu siku hiyo naanza kusoma maelezo ya pembeni kabla ya bei yenyewe.

Lakini kilichonifanya niheshimu ofisi ile ni somo la wastani. Darasani tulipewa fomula ya Laspeyres ya mwaka 1871, ya kukokotoa fahirisi ya bei, tukaikariri, tukafanya mtihani. Hakuna aliyetuambia kwamba chini kabisa, kabla uzito wa kila bidhaa katika matumizi ya watu haujaanza kutumika, kuna swali jingine: bei kadhaa za bidhaa moja unazijumlishaje? Chukua bei mbili. Ya kwanza inapanda maradufu, ya pili inashuka nusu. Wastani wa kawaida wa uwiano wa bei mpya kwa ya zamani (hapa 2 na 0.5), njia ya Mtaliano Carli tangu 1764, unatoa 1.25, yaani ongezeko la asilimia 25. Mwezi unaofuata kila bei inarudi ilikokuwa, na njia hiyo hiyo inatoa tena 1.25. Ukizidisha unapata ongezeko la asilimia 56.25, ilhali hakuna bei hata moja iliyobadilika tangu mwanzo! Wastani wa kijiometri (hapa ni kipeuo cha pili cha 2 mara 0.5), ambao mchumi Mwingereza Jevons aliutetea miaka ya 1860, unatoa 1 mara zote mbili. Nilirudia hesabu hiyo usiku ule nyumbani, nikiwa siamini. Swali la namna hiyo nilidhani ni la wanahisabati. Kumbe lina uwezo wa kugeuza nyongeza ya mshahara au pensheni ya mtu inayofungamanishwa na fahirisi.

Niliomba kutoka na mdadisi siku moja, nikakubaliwa. Muuzaji wa kwanza alituuliza kabla ya salamu kuisha kama majibu yake yanakwenda kwa watu wa kodi. Mdadisi akamjibu kwa utulivu kuwa hapana, taarifa ya mtu mmoja mmoja haitoki kitengoni na hutumika kwa takwimu pekee. Hapo ndipo nilipoielewa ile hati niliyosaini. Hiyo ni kanuni ya 6 kati ya kanuni 10 za msingi za takwimu rasmi zilizoidhinishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2014, na bila hiyo yule muuzaji angetudanganya, na angekuwa na haki.

Uandishi nao ulinitoa jasho. Niliandika kwamba mfumuko uliotoka asilimia 4 hadi 5 "umepanda kwa asilimia 1". Nikarudishiwa: umepanda kwa pointi moja ya asilimia, ukisema kwa asilimia, ni 25. Nikaandika kwingine kuwa "bei zimeshuka" kwa sababu mfumuko umetoka 5 hadi 3. Nikarudishiwa tena, kwa wino mwekundu zaidi: bei bado zinapanda, ila kwa kasi ndogo.

Yaliyoniudhi? Yapo. Posho haikuwepo, na nauli ililipwa baada ya mimi kuondoka. Kulikuwa na siku nzima za kukaa bure kwa sababu mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusaini yuko safarini. Jedwali kuu lilikuwa na fomula zilizoandikwa na mtu aliyekwisha staafu, na kila mmoja aliogopa kuzigusa. Mhadhiri aliyekuja kunitathmini alikaa dakika 20, nyingi akiongea na mkuu wa kitengo. Kama huwezi kujitegemea kwa miezi mitatu, hilo lifikirie kwanza. Ni ukuta halisi, na unawazuia wengi wenye uwezo kuliko mimi.

Ukiamua kwenda, omba kitengo kinachozalisha takwimu badala ya kile kinachopokea ripoti za wengine. Jaza daftari la kazi kila jioni, maana wiki ya sita hutakumbuka ulichofanya Jumanne ya wiki ya tatu. Excel ijue kabla hujafika. R au Stata, programu za kuchambua takwimu, ni nyongeza nzuri, ila mimi nilizitumia siku mbili tu.

Nimeshaomba tena likizo ijayo, kitengo cha takwimu za biashara ya nje. Barua ya safari hii ina neno "sera" mara moja, na nimeuliza mapema kama kuna kiti.