Mbwa safarini Mtwara–Dar: Noah au pikapu?

Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560, na mbwa hujipoza hasa kwa kuhema. Ndiyo maana nyuma ya pikapu ni mtihani: bati likishapata jua la mchana huunguza nyayo, na turubai lisilo na upenyo hugeuka tanuri. Ukilazimika, tandika gunia nene, na kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni. Akiruka ukingo atajinyonga. Kuna na mbung'o pia, hasa ukanda wa Rufiji, wanaoambukiza ugonjwa wa nagana.

Noah inashinda, ingawa siti zitanuka wiki nzima. Kunja za nyuma, weka tenga ambalo mbwa anaweza kusimama na kugeuka, ulifunge lisiteleze breki zikikamatwa. Mlishe muda wa saa 4 hivi kabla ya kuondoka, la sivyo atatapika hata Mingoyo hamjafika. Simameni kila baada ya saa 2, maji kidogo kidogo. Mkishuka kula Nangurukuru, shuka naye: gari lililofungwa juani huchemka ndani ya dakika 10. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kiwe karibu.

Njia ya Liwale wakati wa masika ni habari nyingine. Huko chukua pikapu, mbwa akae kabini.