Family Link pale wazazi wasipokubaliana kuhusu mikeka

Kijana wa miaka 15 amekutwa na mikeka ya kubeti mechi kwenye simu. Mama anaiita kamari, haramu, na anataka simu ikae kabatini. Baba, ambaye naye hubeti buku, yaani shilingi elfu moja, kila Jumamosi, anaona ni utundu wa umri. Katikati ya mvutano huo mmoja wao anapakua Family Link ya Google, programu ya bure ya kusimamia simu ya mtoto.

Kijana aliyevuka miaka 13 na mwenye akaunti yake tayari huwezi kumwekea usimamizi kimyakimya. Kwenye simu yake ya Android unafungua Mipangilio, kisha Google, kisha udhibiti wa wazazi. Mzazi anaingia kwa akaunti yake, na kijana mwenyewe anabonyeza kukubali. Hapa naipa alama za juu kabisa, maana haianzi bila watu kuongea.

Kuzuia programu za kubeti peke yake hakutoshi, kwa sababu mikeka mingi huwekwa kwenye tovuti. Chujio la tovuti chafu limelenga zaidi mambo ya ngono, kwa hiyo andika mwenyewe anwani za kubeti kwenye orodha ya zilizozuiwa, au ruhusu tovuti ulizozikagua tu. Vizuizi hivyo vinafanya kazi ndani ya Chrome. Kijana akifungua Opera Mini vimekwisha. Zuia kila kivinjari kingine. Funga pia programu kutoka vyanzo visivyojulikana, maana APK, yaani faili za kusakinisha programu, hurushwa kwa Bluetooth shuleni. Na programu mliyowahi kuiidhinisha, hata ikifutwa, inaweza kurudi bila kuomba tena.

Kubeti kwa menyu ya nyota na reli (* na #), Family Link haioni kabisa. Huko fuatilia pesa: laini ikiwa imesajiliwa kwa jina la mzazi, kagua miamala ya kila wiki mkiwa na kijana.

Udhaifu unaoniumiza ni huu: wazazi wote wawili wakiwekwa kama wasimamizi, idhini ya mmoja inatosha. Mama anafunga simu saa 3:00 usiku, saa 3:10 baba anaongeza nusu saa, na kijana keshajua ombi lake alipeleke kwa nani. Hakuna mahali pa kuitaka programu isubiri wote wawili wakubali. Kabla ya kuiweka, kubalianeni saa ya simu kulala, nani anajibu maombi, na muda wa ziada unatolewa kwa kazi gani. Kubeti kusiingizwe kwenye mapatano hayo. Tanzania na Kenya, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi, hata baba akiona ni mchezo.

Baba naye abadilishe namba ya siri ya simu yake na ya M-Pesa siku hiyohiyo, isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto. Kijana aliyefungiwa simu yake ataitafuta ya baba kwanza.