Pacifica 112V mikononi mwa mpiga solo wa Mtwara

Niseme mapema kabisa: kama unatafuta gitaa la kujifungia nalo chumbani upige roki ya kunguruma, maelezo yangu hayatakufaa sana. Mimi napiga solo kwenye bendi ndogo hapa Mtwara mjini, na kazi zetu ni mchanganyiko. Harusi moja tu, iwe Shangani au Mikindani, unaombwa zilipendwa wakati watu wanakula, taarabu ya kisasa wakati wa kutunza, halafu chemko, ile sehemu ya haraka ya kuchezesha watu, mpaka kina mama wavue viatu. Msimu wa korosho ukichanganya ndiyo usiseme. Gitaa lenye sauti moja linakuumbua mbele za watu, ndiyo maana nikachukua Yamaha Pacifica 112V.

Kwa umbo ni ndugu wa Stratocaster, lile gitaa la umeme maarufu la kampuni ya Fender. Mwili ni wa mti wa alder, shingo ya maple, freti (vile vyuma vya kugawa noti shingoni) 22. Pikapu, yaani vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, ziko tatu: mbili za koili moja, shingoni na katikati, na hambaka moja, yaani pikapu ya koili mbili, karibu na daraja, pale nyuzi zinaposhikwa mwilini. Nobu ni mbili tu, ya sauti na ya toni, pamoja na swichi ya nafasi tano ya kuchagua pikapu. Nobu ya toni ina kazi nyingine ya ziada: ukiivuta juu, hambaka inabaki koili moja. Ubao wa kubonyezea kwenye hili langu ni rosewood, na hapo nilitabasamu, maana rosewood na mpingo wetu ni ukoo mmoja, wote ni Dalbergia. Huu huu mpingo wanaouchonga Wamakonde, na ambao huko Ulaya wanautengenezea klarineti na obo. Siku mtu akinitengenezea gitaa lenye ubao wa mpingo wa Lindi, hili nitaliuza.

Sasa sauti. Nilianza na hambaka peke yake, amplifaya ikiwa safi, mwangwi kidogo. Ni nene, ina nguvu, inafaa kwa reggae na zile solo za kuvuta uzi polepole. Lakini kwenye chemko ilinikwaza. Nikipanda freti ya 12 kwenda juu na kupiga nyuzi mbili mbili haraka, noti zilikuwa zinabanana, ya kwanza haijaisha ya pili imeshaikanyaga.

Nikavuta nobu ya toni, nikasogeza swichi nafasi ya pili, yaani daraja na katikati kwa pamoja. Hapo ndipo gitaa lilipofunguka. Kila noti ikawa imesimama peke yake, ina ncha kali mwanzoni halafu inapungua upesi na kuachia nafasi. Ukibana nyuzi kidogo kwa kiganja karibu na daraja, unapata ule mdundo mkavu ambao dansi letu limejengwa juu yake: solo, second solo na ridhimu zinapishana na kila moja inasikika bila kugombana. Mzee wetu wa ridhimu, ambaye kusifu kwake ni kwa nadra, alinyanyua kichwa akasema, "Hapo hapo mwanangu, usiiguse tena hiyo swichi."

Nafasi hizi za katikati zina historia yake. Stratocaster ilipotoka 1954 swichi yake ilikuwa ya nafasi tatu tu. Wapigaji wakagundua kwamba ukiitegesha katikati ya nafasi mbili, pikapu mbili zinafanya kazi pamoja na sauti inakuwa na utamu mwingine. Fender hawakuweka swichi ya nafasi tano kiwandani mpaka 1977. Kwa hiyo sauti ninayoisifia hapa ilianza kama ujanja wa wanamuziki wenyewe jukwaani.

Nafasi ya nne, shingo na katikati, nimeiweka kwa ajili ya zilipendwa na nyimbo za taratibu. Ya tano, shingo peke yake, ukipunguza toni kidogo inakaa vizuri chini ya kinanda kwenye taarabu. Nafasi ya tatu sijaipatia kazi. Si mbaya, ila kila nilipoifikia nilijikuta nimeipita.

Kuna jambo la mitambo ambalo wengi wetu huku tunalionea magitaa bure. Kwenye shughuli nyingi hakuna amplifaya ya gitaa; fundi mitambo anakupa waya wa jeki, unachomeka moja kwa moja kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti. Sauti inatoka kama mtu anayeimba amefunikwa blanketi, watu wanasema gitaa ni feki. Gitaa la pikapu za kawaida linataka mlango wenye ukinzani mkubwa, kama ohm 1,000,000 hivi. Mlango wa laini wa mikisa huwa na ohm 10,000 au 20,000, kwa hiyo zile sauti kali za juu zinamezwa kabla hazijafika kwenye spika. Weka diai boksi inayotumia umeme (kiboksi cha kuunganishia gitaa na mikisa), au hata pedali moja yenye bafa, saketi inayozuia sauti isimezwe, katikati ya gitaa na mikisa. Mimi nilifanya hivyo kwenye shughuli ya Chikongola na nafasi ya pili ikarudi na makali yake yote.

Mvumo upo, msidanganywe. Koili moja hudaka mvumo wa umeme, na tukitumia jenereta unazidi. Hapo unarudisha nobu ya toni chini na swichi kwenye hambaka peke yake, hambaka inakuwa kamili, koili zake mbili zinafutiana mvumo na kelele inakata. Kuwa na njia hiyo ya kukimbilia katikati ya wimbo ni faida kubwa kuliko nilivyodhani wakati nanunua.

Nyuzi zilizokuja nalo zilikuwa laini, saizi ya 9, yaani uzi mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.009. Mimi ni mtu wa 10. Ukiongeza unene, mvuto unazidi na daraja linainuka kwa nyuma, maana limeshikiliwa na springi. Fungua kifuniko cha plastiki mgongoni, kaza zile skrubu mbili ndefu zinazoshika springi, robo mzunguko kila moja, tuni, angalia, rudia mpaka daraja lilale. Bisibisi inatosha, huhitaji kupeleka Dar. Baada ya hapo linashika tuni vizuri, almradi ule mkono wa kutikisia usiusumbue. Mimi nimeutoa, uko kwenye droo.

Chumvi ya bahari ni adui mwingine. Hapa pwani nyuzi zinaota kutu haraka, kwa hiyo futa kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza na usiliache ukutani dirisha likiwa wazi. Begi nunua mapema; duka lililoniuzia liliniahidi begi, na kilichoshuka kwenye basi ni boksi la karatasi tu na gitaa ndani yake.

Distosheni nimeijaribu kidogo tu kwa hambaka, ikanguruma sawasawa, nikaizima. Pikapu sibadilishi. Nikipata fedha nyingine inakwenda kwenye amplifaya.