Kobe wa Changuu: wanatunzwa, na wenyeji tunastahili kwenda kuwaona

Jamaa zangu wa mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa mjini Zanzibar, huniuliza kama kobe wa kisiwa cha Changuu wanatunzwa kweli au wamewekwa kwa ajili ya picha za wageni. Wanatunzwa, na kiingilio chao mimi hukitoa kwa moyo mkunjufu.

Tatizo ni sisi wenyeji. Asubuhi ukisimama Forodhani utaona boti zinaondoka zimejaa Wazungu, na mtoto wa Kikwajuni anakua mpaka anaoa hajavuka. Na ni nusu saa hivi tu baharini! Safari hii nilimchukua mama yangu, aliyezaliwa Mji Mkongwe na hajawahi kukanyaga kule, pamoja na watoto wa dada yangu.

Jengo la jela tulilipita haraka. Lilijengwa mwaka 1893 na halikuwahi kufunga mfungwa, kisiwa kikaja kutumika kama karantini ya abiria wa meli. Sisi tulifuata kobe.

Wanaishi ndani ya uzio mpana wenye miti na kivuli cha kutosha, na wakubwa wamepakwa rangi mgongoni kuonesha umri. Wapo waliopita miaka 100. Unanunua fungu la majani pale pale, unamlisha. Hana meno, anakata kwa mdomo mgumu wenye makali, kwa hiyo shika jani kwa mbali na vidole vyako uvitazame. Kijana anayewahudumia akamwambia mama, "Bi mkubwa, mkune hapa chini ya shingo, taratibu." Mama akanyoosha mkono kwa woga. Kobe aliyekuwa amelala tumbo chini akainuka! Miguu yote minne ikasimama wima kama nguzo, shingo ikachomoza ndefu, mikunjo ya ngozi ikafunguka, naye akatulia vivyo hivyo akingoja aendelee kukunwa. Mama alisahau joto, akasahau na magoti yanayomsumbua.

Lakini kwangu mimi, kazi kubwa ya mahali pale iko kwa wadogo. Kobe hawa asili yao ni Aldabra, huko Shelisheli. Mwaka 1919 gavana wa Kiingereza wa Shelisheli alileta wanne kama zawadi, wakazaana hadi kufika kama 200 mwaka 1955. Kisha wezi wakawavamia: wengine wakauzwa nje wafugwe majumbani, wengine wakaliwa. Kufika mwaka 1996 walibaki saba. Mwaka huo huo wakapelekwa vifaranga 80, na 40 katika hao wakapotea. Hapo ndipo serikali ya Zanzibar, ikisaidiwa na shirika la kimataifa la kulinda wanyama, ilipojenga uzio huu, na kufika mwaka 2000 walikuwa wakubwa 17, wa makamo 50 na vifaranga 90.

Ndiyo maana ukikuta wadogo wamewekwa mbali na wakubwa na mlango umefungwa, usinune. Kifaranga anaingia mfukoni, na kobe huyu huchukua zaidi ya miaka 20 kuwa mzazi. Akiibwa mmoja leo, pengo lake halizibiki kwa msimu mmoja. Mtoto wa dada yangu alilia atake kumbeba mmoja. Akakataliwa kwa upole na kwa msimamo, nami niliona raha kusikia neno "hapana" likisemwa bila kuangalia nani ana pesa.

Jambo lililonikera lilitoka kwa mgeni mmoja aliyempandisha mwanawe juu ya mgongo wa kobe ili apige picha. Yule kijana alimwahi, akamshusha mtoto, akaeleza kwamba gamba lile lina mishipa ya fahamu na mnyama anahisi kila kitu. Wazazi, jamani, waelezeni watoto haya mkiwa bado kwenye boti.

La pili ni nahodha tuliyemkodi. Majani hayajesha mkononi, yeye ameshaanza kuita turudi, eti ana abiria wengine wanamngoja. Mtu mzima kama mama huwezi kumkimbiza juani. Kwa hiyo pataneni muda kabla hamjapanda, mtaje saa kabisa, na pesa yote msimpe mpaka mrudi mjini.

Nendeni asubuhi mapema. Jua likishakuwa kali kobe hujikusanya vivulini na kulala, hata ukimletea jani hana habari nawe. Vaeni viatu vya kulowana, maana mara nyingi mtashukia majini, na mwenye mzee amtafutie boti yenye ngazi. Mkate na biskuti za watoto ziacheni kwenye mkoba. Majani ya kuwalisha mtayapata hapo hapo mlangoni.