Mafuta ya kulegeza kutu yamefungua buti la W123 yangu: nyota nne, ya tano nimeinyima

Nianze na kosa langu. Gari ni Mercedes-Benz W123, 240D ya 1982, ile dizeli isiyojua haraka. Miaka yote niliyokaa nalo sikuwahi kutia ufunguo kwenye kitasa cha buti. Ya nini? Ukifunga mlango wa dereva, mvuto wa hewa unapita kwenye vijibomba na kufunga milango mingine, buti, hata kifuniko cha kujazia mafuta. Siku mfumo huo ulipoanza kuvuja hewa, buti likabaki limefungwa. Ufunguo uliingia vizuri tu, lakini ukagoma kuzunguka.

Ushauri wa kwanza niliopewa ni kung'oa kiti cha nyuma niingie buti kwa ndani. Kwenye magari mengi ni sawa. Kwenye W123 sahau, maana nyuma ya kiti hicho ndipo lilipokaa tangi la mafuta. Fundi mmoja alikwisha kuchomoa drili nikamwomba airudishe. Ukiitoboa silinda ya kitasa, ile sehemu inayozunguka na ufunguo, utafungua buti, ndiyo, ila kuanzia siku hiyo utatembea na funguo mbili kwa gari lililotengenezwa la ufunguo mmoja.

Kabla ya kununua chochote nilijaribu mchanganyiko wa gereji: asetoni nusu, mafuta ya giaboksi otomatiki nusu. Unapenya kweli, sikatai. Lakini asetoni haibagui kutu na rangi. Tone moja lilinidondoka, na mpaka leo kuna mchirizi uliofifia chini ya kitasa. Usijaribu karibu na bodi.

Ndipo nikanunua kopo la mafuta ya kulegeza kutu, la kupuliza, lenye mrija mwembamba. Mrija huo ndio uliolipia pesa yangu. Kwenye tundu la ufunguo kuna kijifuniko kidogo cha springi. Nilikisukuma kwa pini, nikaingiza mrija, nikapuliza mara mbili fupi, huku nimezungushia tambara na utepe wa karatasi wenye gundi kulinda rangi. Baada ya robo saa nikaingiza ufunguo na kuutoa, kuingiza na kutoa, bila kuuzungusha. Ulitoka na uchafu wa kahawia mzito kama ugoro uliolowa. Nikaufuta, nikapuliza tena, nikaenda kulala.

Kopo linasema dakika chache. Mimi zilikuwa siku tatu, asubuhi na jioni. Katikati nilikuwa nagonga uso wa kitasa taratibu kwa mpini wa bisibisi, maana mtikisiko husaidia mafuta kuchimba. Koleo nililiweka mbali makusudi: ufunguo wa zamani umeshalika, ukiushika kwa koleo unakatikia ndani, na hapo kilio ni kingine. Jioni ya tatu silinda ikasogea kidogo sana, ikitoa mlio wa mtu anayetafuna mchanga. Asubuhi yake ikazunguka yote.

Na buti halikufunguka!

Hapa mafuta hayana lawama. Mpira wa kuzunguka buti ulikuwa umezeeka na kugandana na rangi, na kifuniko kilikuwa kinabana ulimi wa kitasa. Nilimwita binti yangu. "Baba, nikizungusha ukavunjika?" Nikamwambia azungushe polepole na asiachie, mimi nikaegemea kifuniko kwa viganja viwili na uzito wangu wote. Nilipojiinua, tukasikia tak. Nikapitisha kadi ya plastiki pembezoni mwa mpira, kidogo kidogo, kifuniko kikaachia. Ndani: jeki, tairi la akiba lisilo na upepo, zulia lenye ukungu, na mwavuli ambao nilikuwa nimemtuhumu shemeji yangu kuuchukua.

Sasa ile nyota niliyonyima. Mafuta haya yanalegeza, hayalindi. Ukiyaacha ndani ya kitasa yananasa vumbi na utarudi ulipoanza. Ilibidi nifungue silinda, niisafishe, niikaushe, nitie unga wa grafiti, kilainishi kikavu. Kopo halisemi neno kuhusu hilo. Mrija nao unachomoka ukibonyeza kwa nguvu. Wangu uliruka chini ya gari mara mbili. Harufu ilikaa kwenye mikono siku nzima, na kwa kuwa yanashika moto, ile hamu ya kupasha kitasa kwa kiberiti izuie kabisa.

Kopo bado lina zaidi ya nusu. Mpira mpya wa buti bado sijaupata, kwa hiyo wa zamani naupaka poda ya mtoto usigande tena. Binti yangu anasema gari linanukia kama mtoto mchanga aliyelala gereji.